Kipi Kizimike Mwisho: Gridi Ndogo za Umeme Katika Bandari Zetu

Ukipanda Edgware Road kutoka Marble Arch, ukaipita mikahawa ya Walubnani na maduka ya manukato na halua, ukapita pia chini ya barabara ya juu iendayo magharibi, utafika mahali ambapo mfereji wa maji unakatiza chini ya nyayo zako, nawe, usipoambiwa, hutajua. Huo ni Mfereji wa Regent, uliokamilika mwaka 1820 ili shehena zipate kusafirishwa kwa mashua kutoka Paddington hadi Limehouse, ambako meli za baharini zilikuwa zikingoja katika Mto Thames. Handaki la Maida Hill limeachama ukingoni mwa barabara, likaumeza mfereji na kuutoa upande wa pili. Na huko mbele, kuanzia St John's Wood kuelekea City Road, chini ya kijia walichopita farasi waliokokota mashua, zimelazwa tangu mwaka 1979 nyaya za umeme wa volti 400,000, na maji yale yale ya mfereji huvutwa kwa pampu na kuzungushwa ili kuzipoza, zisije zikaungua kwa joto lao wenyewe.

Nimekuwa fundi wa umeme wa bandari kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na kila mgeni anijiaye kutoka nyumbani humpeleka kwenye mfereji huo kabla sijamwonyesha kasri wala daraja, kwa kuwa pale huonekana dhahiri jambo ambalo vitabu vya taaluma yetu hulieleza kwa kurasa nyingi: kwamba njia ya shehena na njia ya nguvu ni majirani wa tangu na tangu.

Ijumaa moja ya majira ya baridi, baada ya sala, nilikuwa nimeketi katika mkahawa mmoja wa barabara hiyo pamoja na mzee wa Kizanzibari aliyekuwa karani wa forodha katika ujana wake, ambaye sasa anakaa kwa wanawe hapa London. Baada ya kumwamkia na kujuliana hali, na baada ya kahawa ya kwanza kwisha, aliniuliza: "Mwanangu, nasikia siku hizi bandari zataka kujipatia umeme wao wenyewe kwa jua. Haya basi, jua likichwa, na waya wa bara ukakatika, kipi mtakizima mwanzo?" Nilifungua kinywa nimjibu papo hapo, nikaona sina jibu fupi. Nimelifikiri swali lile kwa miezi, na kila nilipolifikiri nimezidi kuamini kwamba ndilo swali la kwanza ambalo mhandisi wa gridi ndogo ya bandari apaswa kulijibu, nalo aghalabu huulizwa mwisho, baada ya paneli kununuliwa na picha kupigwa.

Mzee yule alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu mwaka 1980 Unguja imepata umeme wake kutoka bara, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na waya huo wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 45 hivi, uliubeba mji na mashamba, hospitali na pampu za maji, hoteli na bandari ya Malindi, kwa karibu miaka 30. Mwezi wa Mei mwaka 2008 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kisha, kabla watu hawajasahau, ikaharibika tena Disemba 2009, na safari hii umeme haukurejea hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu zilipokosa umeme mabomba yalikauka, na jenereta zikanguruma usiku na mchana katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa yule mwenye uwezo wa kununua mafuta yake. Waya wa pili, wa megawati 100, uliogharimiwa na msaada wa Marekani, ulianza kazi mwaka 2013, na Pemba tayari ilikuwa imeunganishwa na Tanga mwaka 2010. Hali imekuwa bora kwa yakini. Walakini kisiwa kinachotegemea nyaya zinazotoka upande mmoja wa bahari hakijatoka katika hatari ile, na bandari, ambayo ndiyo mlango wa unga na mchele na mafuta ya kisiwa hicho, haina ruhusa ya kufungwa kwa sababu taa zimezimika.

Gridi ndogo, kwa maana yake ya kazi, ni fungu la mitambo izalishayo umeme, na iuhifadhio, na iutumiayo, lililozungukwa na mpaka unaojulikana, lenye uwezo wa kufanya mambo mawili: kujitenga na gridi ya taifa pindi inapoyumba, likaendelea kuishi peke yake, na kurudi kujiunga nayo kwa adabu pindi inapotulia. Penye paneli za jua tu, pasipo uwezo huo wa kujitenga na kurudi, hapajawa na gridi ndogo, kwani inveta za kawaida hujizima zenyewe gridi kuu inapokatika, na mwenye bandari hubaki akiyatazama mapaa yake yaking'ara mchana kweupe ilhali winchi zake zimesimama. Wala jambo lenyewe si geni. Jiji hili la London lilianza na gridi ndogo: mwaka 1882 kituo cha Edison pale Holborn Viaduct kiliwasha taa za mtaa wake na majengo ya jirani tu, na kwa zaidi ya miaka 40 baadaye jiji liligawanyika miongoni mwa makampuni na mabaraza mengi, kila moja na volti yake na mizunguko yake, hata sheria ya mwaka 1926 ilipoanza kuziunganisha gridi hizo kuwa moja. Tunaloliomba leo ni kwamba udogo ule urudi, ila safari hii uwe umefungamana na ukubwa.

Sasa nianze na kile ambacho nimekiona kwa macho yangu. Katika bandari moja ya mwambao wetu, ambayo sitaitaja, umeme ulikatika usiku, na jenereta ya akiba ikaitika vizuri baada ya muda mfupi. Uwanjani palikuwa na makontena ya ubaridi yaliyojaa samaki na matunda, yote yamechomekwa katika soketi zake, na yote yalikuwa yameanza kupata joto. Swichi kuu iliporudishwa, kompresa zote zikawaka kwa mpigo mmoja, kila moja ikidai katika sekunde zake za kwanza umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida yake. Nikaisikia sauti ya jenereta ikishuka, kama mtu aliyebebeshwa gunia kabla hajasimama sawasawa, taa zikafifia rangi ya kaharabu, kisha giza. Tukairudisha, ikafa tena. Mara ya tatu kijana mmoja wa zamu, ambaye hakuwa na shahada yoyote, alikwenda mbio kuzima safu zote, akazirudisha moja baada ya moja, akihesabu kwa sauti kabla ya kila swichi. Jenereta ikabeba mzigo wote hadi alfajiri.

Kijana yule alitufundisha nusu ya usanifu. Kontena moja la ubaridi hula kwa wastani kilowati 3 hadi 5, kwa hiyo 200 ya namna hiyo ni karibu megawati nzima isiyolala. Lakini ndani ya kontena lililopozwa vizuri mna akiba ya baridi, na samaki waliogandishwa hustahimili saa kadhaa bila umeme na hasara isionekane. Parachichi halina subira hiyo. Tunda lililochumwa lingali linapumua, na katika kupumua hutoa joto, na kwa kuwa husafirishwa katika nyuzi 5 hadi 7 hivi, upungufu wa saa chache pale Kilindini, bandarini Mombasa, huja kuonekana baada ya majuma, nyama yake ikiwa imeingia weusi. Nimelikata parachichi la namna hiyo katika jiko langu mwenyewe, mwendo wa dakika kumi kutoka mkahawa ule, nikalisoma jina la Kenya kwenye kibandiko chake, na nikajiuliza ni katika soketi gani liliachiwa lipate joto. Basi gridi ndogo yenye akili huyapanga makontena kwa tabia ya yaliyomo, ikayapoza kwa zamu, ikazidisha baridi ya yale yaliyogandishwa jua linapokuwa kali, ili usiku yapate kuachwa kidogo. Akiba hiyo bandari inayo tayari, na haikuilipia senti.

Winchi za gatini zina tabia nyingine kabisa. Chukua kontena la tani 30 pamoja na chuma cha kulishika cha tani 10: kuupandisha mzigo huo kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde kwataka karibu kilowati 400, bila kuhesabu kinachopotea njiani, na baada ya nusu dakika haja hiyo imekwisha. Mzigo ukishuka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu ile. Matumizi ya winchi, ukiyachora, ni kama meno ya msumeno, na mwenye kulipa ankara ya umeme hutozwa pia kwa ncha ya jino lililo refu kuliko yote. Hapa betri, hata iliyo ndogo, hufanya kazi ambayo paneli haziwezi: huyakata yale meno, ikatoa nguvu kwa sekunde 20 na kuipokea tena kwa sekunde 20, mchana kutwa. Ningetakiwa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya gati la zamani, ningeinunua betri ya kazi hii kabla ya paneli ya kwanza.

Ama jua lenyewe, tulitendee insafu. Katika mwambao wetu kila megawati moja ya paneli, inayotaka kama mita za mraba 5,000, hutoa kwa wastani wa mwaka megawati-saa 4 hivi kwa siku. Meli ya makontena ya kiasi, iliyofunga gatini na kuzima mashine zake za kuendeshea, bado hudai megawati moja au mbili kwa taa, pampu, majiko, na makontena yake ya ubaridi. Tukishika moja na nusu, ni megawati-saa 36 kwa siku, yaani kazi ya paneli za megawati 9, zinazofunika eneo la zaidi ya viwanja sita vya mpira, kwa ajili ya meli moja. Bandari gani yetu ina mapaa ya namna hiyo? Mombasa, iliyopitisha makontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20 mwaka 2024, hufungiwa meli kadhaa kwa wakati mmoja. Yeyote anayeuza mchoro unaoonyesha meli kubwa ikinyonya jua kutoka kwenye paa la ghala anauza mchoro.

Nasema hivyo kwa sababu shinikizo la leo, hasa litokalo Ulaya, lipo katika kuichomeka meli. Gothenburg ilianza mwaka 2000, Los Angeles ikafuata mwaka 2004 kwa meli za makontena, na sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia mwaka 2030 meli za makontena na za abiria zitumie umeme wa nchi kavu katika bandari zake kuu. Hapa London, vituo tisa kwa treni ya Bakerloo kutoka Edgware Road hadi Lambeth North, kisha mwendo mfupi wa miguu hadi ukingo wa mto, ndipo lilipo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, ambalo mwaka 2023 liliazimia gesi joto ya meli ifike sifuri halisi ifikapo mwaka 2050 au karibu yake, na ambalo Oktoba 2025 liliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa tozo na vipimo vya kulitekeleza azimio hilo. Azimio ni jema, na moshi wa meli unaoingia vifuani mwa watu wa Likoni na wa Kurasini ni dhuluma ya kweli. Lakini kuna kikwazo ambacho wajumbe hawakitaji mara nyingi: meli nyingi za dunia hutumia umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, na nchi zetu zote za mwambao hutumia 50, kwa hiyo kila gati litakalo kuichomeka meli litahitaji, fauka ya waya na transfoma, mtambo wa kugeuza mizunguko, ambao ni ghali na mkubwa kama nyumba. Mtambo huo ukinunuliwa kwa deni ili kuzifurahisha meli zinazokuja mara chache, huku soketi za samaki zikizimika kila masika, tutakuwa tumeitia dhahabu kofia na kuziacha nyayo peku.

Kenya ina faida ambayo Wazungu wengi wangeitamani: sehemu kubwa kabisa ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhi wa Olkaria, kwenye mito, na kwenye upepo wa Turkana wenye mitambo 365 na megawati 310. Meli itakayochomekwa Mombasa kwa gridi ya taifa itakuwa imechomekwa kwenye umeme ulio safi kuliko wa bandari nyingi za Ulaya. Kasoro yake ni uthabiti. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizimika kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia kiza. Halmashauri ya Bandari ya Kenya imejiwekea sera ya bandari ya kijani, na hilo ni jambo la kupongezwa. Ningependa ukijani wa Kilindini upimwe kwa saa ambazo bandari yaweza kusimama peke yake. Lamu nayo, ambako gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na ambako miaka miwili kabla yake mahakama ya mazingira iliifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ina bahati ya kuwa changa: mitaro ya nyaya inaweza kuchimbwa kabla ya lami kukauka, kazi ambayo Mombasa itaigharimia kwa kubomoa.

Bahari yenyewe haisamehe. Chumvi huingia katika kila kiungo cha shaba, na skrubu iliyouzwa kwa jina la chuma kisichoshika kutu huota kutu kabla ya kusi mbili kupita. Vumbi la klinka, linaloshushwa Mombasa kwa ajili ya viwanda vya saruji, likikutana na umande juu ya paneli huganda kama saruji yenyewe, basi paa lililo upande wa chini wa upepo wa gati hilo lisihesabiwe. Paneli iliyopigwa jua hadi nyuzi 60 hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu yake. Na mwenye kuhesabu jua ahesabu pia mawingu ya masika, na autazame upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu katika miezi ile ile ambayo mbingu huwa nzito. Manahodha wetu waliijua kalenda hiyo kwa majina yake yote, kaskazi, tangambili, kusi na demani, karne nyingi kabla ya jedwali zetu.

Kuna hatari moja iliyofichika zaidi, nayo ndiyo hunikosesha usingizi. Nyaya zikigusana, jenereta ya zamani hutoa kwa ghafla umeme mara tano au sita ya kawaida yake, na kishindo hicho ndicho kiambiacho fyuzi na swichi za kinga zijikate. Inveta haina kishindo; hutoa labda mara moja na robo, kisha hujizuia. Gati lililojitenga na kuendeshwa kwa betri laweza kuwa na waya uliochubuka unaounguza pole pole kando ya maji ya chumvi, na swichi za kinga, zilizopangwa kwa kishindo cha zamani, zikautazama zikidhani ni mzigo halali. Kinga ya gridi ndogo lazima ipangwe mara mbili, kwa hali ya kuunganishwa na kwa hali ya kujitenga, na ibadilike yenyewe baina ya hali hizo. Katika zabuni nilizozisoma, jambo hili hupewa mstari mmoja.

Baada ya miezi hiyo ya kufikiri nilirudi mkahawani na jibu. Nilimchorea mzee juu ya karatasi ya mezani duara tatu, moja ndani ya nyingine. Katika ya nje niliandika ofisi, viyoyozi, na soketi za meli: hizi zizimwe mwanzo. Katika ya kati, winchi na makontena yaliyogandishwa. Katika ya ndani kabisa niliandika taa za gatini, mawasiliano ya marubani wa meli, pampu za maji na za zimamoto, na matunda. Nikaongeza kwamba kabla ya kununua chochote, bandari itundike mita kwenye kila njia ya umeme, izisome kwa mwaka mzima, kutoka kaskazi hadi kaskazi.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akainyoosha kwa kiganja. "Na barafu?" akaniuliza.

"Barafu gani, mzee wangu?"

"Ya wavuvi. Pale Malindi soko la samaki lapakana na bandari, ukuta mmoja tu. Mwaka ule wa giza meli zilishusha mchele, tukala. Wavuvi walirudi na samaki, barafu hakuna, wakauza kwa bei ya kutupa kabla ya adhuhuri. Wewe umechora duara zako zote ndani ya uzio."

Alikuwa ameniona. Nikaichukua kalamu, tukapiga hesabu pamoja. Tani moja ya barafu, kutoka maji ya uvuguvugu wa kwetu, hutaka kilowati-saa 60 hadi 80. Tani kumi kwa siku ni 700 hivi, yaani kazi ya paneli za kilowati 175, ambazo zatoshea mita za mraba 900, paa la ghala moja la kadiri. Na barafu ile hutengenezwa mchana, jua likiwa utosini na paneli zikitoa nguvu isiyo na mlaji, ikakaa ndani ya sanduku lililozibwa vyema hadi mashua zitokapo jioni: ni betri isiyojua chumvi. Mzee aliisogeza karatasi karibu na taa, akachora duara ya nne kwa mkono wake uliokuwa ukitetemeka kidogo, akaipitisha nje ya uzio hadi ufukweni, akaiunganisha na ile ya ndani kabisa.